Usilikate Neno Kabla ya Kulisikia

Simu iliita katikati ya somo, Jumamosi alasiri, katika chumba tunachosomea Kiingereza komini ya Kenya, mtaa mmoja wa hapa Lubumbashi. Mwenye simu ni mama mmoja, wakala wa forodha, anayepitisha mizigo Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Aliomba ruhusa kwa mkono, akapokea palepale kwenye benchi. Upande wa pili alikuwa dereva Mzambia. Lori lake limebeba katodi za shaba, foleni imesimama, naye anataka kujua anasubiri nini.

Mama alijua jibu. Kuna karatasi moja ilikuwa bado haijatoka. "Certificate," akamwambia.

Alilitamka hivi: se-ti-fi-KEI-ti.

Dereva hakuelewa. Mama akarudia, sauti ikapanda, akatenga kila kipande: se, ti, fi, kei, ti. Dereva akauliza ni nani huyo. Darasa zima lilikuwa limenyamaza. Mwishowe mama akapiga picha nakala ya cheti cha safari nyingine, akaituma kwa WhatsApp, na punde ukaja ujumbe wa sauti ambao sote tuliusikia.

"Ah! Certificate!"

Dereva alisema se-TI-fi-ket. Vokali zake zilikuwa nzito na kamili kama zetu, Kiingereza cha mtu wa Copperbelt, ukanda wa shaba wa Zambia, si cha London. Tofauti kubwa ilikuwa moja: uzito wa neno aliuweka mapema.

Mama akanigeukia. "Prof, nimeruka herufi gani?"

Hakuruka hata moja. Ndiyo maana swali lake limenikaa kichwani wiki hizi zote, nikiwa darasani, nikiwa kwenye teksi, nikiwa nasahihisha madaftari usiku. Mtu anaweza kutamka kila kipande cha neno na bado neno lisifike.

## Neno moja, lugha tatu

Mtu wa Lubumbashi hukutana na neno hili zaidi ya mara moja maishani mwake. Kwanza shuleni, kwa Kifaransa: certificat, sauti ikitua kwenye silabi ya mwisho. Kisha kazini, kwa Kiingereza, lakini mdomo wake wa Kiswahili unalipokea kwa desturi zake na kulikaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza chenyewe kinataka silabi ya pili kutoka mwanzo: cer-TIF-i-cate. Lugha tatu, na kila moja imesimama mahali pake.

Kwenye Kiswahili mkazo, yaani huo uzito wa neno, hautusumbui. Hakuna mama aliyewahi kumfundisha mtoto wake mahali pa kuuweka. Ki-TA-bu, ongeza -ni, mkazo unahama wenyewe, ki-ta-BU-ni. Maneno yanayokataa sheria hii ni machache sana, na mengi hatuyafikirii tunapoyasema.

Silabi zetu nazo ni rahisi kukata. Sisi wa Katanga tumezirahisisha hata kuliko watu wa pwani. Wao husema m-tu, wakiiacha m isimame peke yake. Sisi tunasema mu-tu, mu-to-to, kila konsonanti na vokali yake ya kuegemea. Sikio lililolelewa hivyo linaamini kwamba silabi zote zina haki sawa, na kwamba neno linaweza kukatwa na mtu yeyote, hata asiyejua maana yake wala hajawahi kulisikia.

Kifaransa cha shule hakikuliondolea imani hiyo. Kwenye Kifaransa mkazo huangukia mwisho wa kundi la maneno. Kazi yake si kutenganisha neno hili na lile. Mwaka 1997 Emmanuel Dupoux na wenzake walionyesha kwamba wasemaji wa Kifaransa walipata taabu kubwa kuliko wasemaji wa Kihispania kutofautisha maneno ya kubuni yaliyoachana kwa mkazo tu. Waliiita hali hiyo uziwi. Neno kali, lakini mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa la Kiingereza katika mji huu amewahi kuuona uso wa mwanafunzi anayeambiwa "sikiliza tofauti" na hasikii tofauti yoyote.

Kwa hiyo mwanafunzi anafika na malezi mawili, na yote mawili yanamvuta kuelekea mwisho wa neno.

Kiingereza kinavuta kuelekea mwanzo. Anne Cutler na David Carter walihesabu maneno ya mazungumzo ya Kiingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1987: ukiacha maneno madogo ya kuunganisha, karibu 90 kati ya kila maneno 100 yalianza na silabi nzito. Msikilizaji aliyezoea lugha hiyo akisikia silabi nzito, sikio lake linadhani neno jipya linaanza hapo. Sasa rudi kwenye ile simu. Se-ti-fi, halafu KEI-ti kwa nguvu zote. Kuna jina la mwanamke, Katie, linalosikika hivyohivyo. Nadhani dereva alikuwa na haki ya kuuliza ni nani.

## Makofi

Njia ya kawaida ya kufundisha neno refu ni makofi. Silabi moja, kofi moja. Wanafunzi wanaipenda, chumba kinachangamka, na hesabu inatoka sawa. Niandikie responsibility ubaoni na darasa litapiga makofi sita bila kukosea: re-spon-si-bil-i-ty.

Lakini kofi halina mkazo. Kofi la kwanza na la nne vinalingana. Mwanafunzi anamaliza kupiga, hesabu ni sahihi, na neno analolitoa mdomoni ni silabi sita zilizopangwa mstari kama askari wa gwaride. Msemaji wa Kiingereza halisikii neno ndani yake, kwa sababu anachokitafuta ni ile silabi moja iliyosimama juu ya nyingine: re-spon-si-BIL-i-ty, na nyuma yake kivuli kidogo cha mkazo kwenye spon.

Tena hesabu yenyewe inadanganya. Chukua comfortable. Ukikata kwa macho unapata vipande vinne. Wenyewe wengi wanasema vitatu, COMF-ta-ble. Vegetable inakuwa VEG-ta-ble, chocolate inabaki CHOC-late, vipande viwili. Nilikuwa nikiyaona haya kama maneno ya kukariri tu, moja moja, mpaka nilipoyaweka pamoja ubaoni na kuona kinachoyaunganisha. Vokali inayopotea ni ile iliyo mara tu baada ya silabi yenye mkazo.

Maana yake ni kwamba huwezi kujua neno lina silabi ngapi kabla hujajua mkazo wake uko wapi.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipogeuka kuwa kitu kingine. Vitabu vingi vya shule vinapanga kazi hivi: kwanza kata, kisha tafuta mkazo. Nikaanza kujiuliza kama mpangilio huo umesimama kichwa chini.

## Kamusi ilikuwa inasema siku zote

Fungua kamusi yoyote ya Kimarekani kwenye neno record. Utalikuta mara mbili. Likiwa jina, yaani rekodi, limekatwa rec-ord. Likiwa kitenzi, yaani kurekodi, limekatwa re-cord. Herufi ni zilezile sita, kwa mpangilio uleule. Kilichohamisha kisu ni mkazo: REC-ord, re-CORD. Angalia herufi c inavyohama. Mkazo ukiwa mwanzo, c inavutwa mwanzo. Ukienda mwisho, c inaufuata.

Ndivyo ilivyo kwa PRES-ent na pre-SENT, PROJ-ect na pro-JECT, PROG-ress na pro-GRESS.

Sababu si siri. Kwenye Kiingereza, vokali fupi yenye mkazo haikubali kuachwa wazi mwishoni mwa silabi. Inataka konsonanti ya kuifunga. Vokali ndefu haina shida hiyo, ndiyo maana tunakata in-for-MA-tion na se-CU-ri-ty. Kiswahili hakina vokali za namna hiyo. Kwetu silabi inaishia kwenye vokali na inapumua. Kwa hiyo mkono wa Mswahili utakata pho-to-gra-phy, safi kabisa, na utakuwa umekata neno ambalo halipo. Lililopo ni pho-TOG-ra-phy.

Kuna ushahidi mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatoka kwa mashine. Miaka ya mwisho ya 1970 Donald Knuth wa chuo kikuu cha Stanford alitengeneza programu ya kupanga kurasa za vitabu, TeX. Programu ilihitaji kujua neno linaweza kukatwa wapi mstari unapojaa. Mwanafunzi wake, Frank Liang, akaitafutia njia, akaikamilisha mwaka 1983: vipande vidogo vya herufi, zaidi ya 4,400, vinavyoiambia kompyuta hapa kata, hapa usikate. Njia hiyo bado inatumika duniani. Lakini waliambatanisha nayo orodha fupi ya maneno ya pekee, na ndani ya orodha hiyo yamo present na project, yameandikwa bila alama yoyote ya kukata. Yaani kompyuta imeamriwa: haya usiyaguse.

Kwa nini? Kwa sababu kompyuta inaona herufi tu. Haiwezi kujua kama mwandishi anasema juu ya zawadi au juu ya kuwasilisha, kwa hiyo haijui mkazo, na asiyejua mkazo hana haki ya kukata.

Nilipowasomea wanafunzi jambo hili, kijana mmoja anayesoma uhandisi alisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo: "Njo maana banatuchanganya."

## Vokali tunayoiongeza

Kwa hiyo mkazo kwanza. Sawa. Lakini mtu ataupataje katika neno asilowahi kulisikia?

Nilianza kukusanya maneno marefu kutoka kazini kwa wanafunzi wenyewe: hati za forodha, mikataba ya migodi, matangazo ya kazi. Inspection, declaration, commission, transportation, production, extraction. Nikayaandika kwenye safu moja na kuyatazama kwa muda mrefu.

In-SPEC-tion. Dec-la-RA-tion. Trans-por-TA-tion.

Silabi ya pili kutoka mwisho. Kila mara. Maneno yanayoishia na -tion na -sion yanabeba mkazo kwenye silabi iliyotangulia mwisho huo, na mwisho huo ni silabi moja tu. Ni sheria ileile ya ki-TA-bu tuliyozaliwa nayo! Yanayoishia na -ic nayo karibu yote yanafanya hivyo: e-co-NOM-ic, PUB-lic, me-TAL-lic. Machache yanakataa, kama Arabic na Catholic, na hayo mtu anayakariri. Lakini maelfu mengine yanatembea mwendo wa Kiswahili.

Basi kwa nini bado tunayakosea? Nikawasikiliza tena, safari hii nikifuata mwisho wa neno peke yake. Wakasema dekla-re-SHE-ni. Inspe-k-SHE-ni.

Wameongeza vokali mwishoni, kama Kiswahili kinavyotaka, na vokali hiyo imezaa silabi mpya. Sheria ya silabi ya pili kutoka mwisho imefanya kazi yake kwa uaminifu: imehesabu, ikakuta mwisho umesogea, ikasogeza mkazo. Mkazo wao haukuwa na kasoro. Kilichokuwa kimezidi ni ile i.

Sikumbuki jambo lililowahi kubadilisha darasa langu haraka namna hii. Sikuwaambia waache Kiswahili. Niliwaambia wafunge mdomo kwenye n ya mwisho, kisha wafanye kile wanachokifanya tangu utotoni. Mama wa forodha akasema dec-la-RA-tion mara ya kwanza, akanyamaza, akalisema tena. Halafu akaanza kusoma hati yake nzima kwa sauti, akikaza kila -tion aliyokutana nayo.

## Familia ya umeme

Mkazo wa silabi ya tatu kutoka mwisho unataka kazi zaidi, kwa kuwa hapo Kiswahili hakina msaada wa kutoa. Maneno ya -ity, -logy, -graphy na -ical yote yanaangukia huko: ca-PAC-i-ty, ge-OL-o-gy, pho-TOG-ra-phy, e-co-NOM-i-cal. Na certificate limo katika kundi hilohilo la tatu kutoka mwisho, pamoja na wenzake marefu wa -ate: cer-TIF-i-cate, ap-PRO-pri-ate, AD-e-quate.

Kwa mji huu mfano bora ni umeme, kwa sababu shaba yetu nyingi inatoka kwenye matangi ya umeme. Nilitumia somo zima kwa familia moja:

E-LEC-tric.
E-lec-TRIC-i-ty.
E-lec-tri-fi-CA-tion.
E-LEC-tro-lyte.
E-lec-TROL-y-sis.
E-lec-tro-LYT-ic.

Mzizi mmoja, na mkazo unazunguka humo ndani kwa amri ya mwisho wa neno. Kata uangalie l ya electrolyte na ya electrolysis: kwenye neno la kwanza iko upande wa lyte, kwenye la pili imevutwa nyuma na TROL. Fundi anayefanya kazi kwenye matangi hayo aliitazama safu hiyo ubaoni akasema kwamba amekuwa akiyasikia maneno haya kutoka kwa wakubwa wake kwa miaka akidhani ni maneno yasiyohusiana.

Iko miisho mingine isiyogusa mkazo kabisa: -ness, -ful, -ly, -ment mara nyingi. MAN-age, MAN-age-ment. Na iko inayojinyakulia mkazo yenyewe: en-gi-NEER, em-ploy-EE. Hiyo ya mwisho wanafunzi wetu hawaikosei kamwe, Kifaransa kimewaandaa.

Makofi tumeyaacha. Badala yake kila mmoja ana kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ile ile watu wanayofungia mizigo. Unalisema neno ukiushika mpira kwa mikono miwili, na kwenye silabi yenye mkazo unauvuta. Hapo mtu hawezi kugawa sawa. Mkono unakataa kuvuta mara sita kwa nguvu ileile, na mwili unachagua mahali.

## Kumeza

Mzozo mkubwa haukuwa wa kukata wala wa mkazo. Ulikuwa wa vokali dhaifu.

Kiingereza kikishaweka uzito kwenye silabi moja, kinazinyima nyingine. A, e, i, o, u zisizo na mkazo zinafifia na nyingi zinakuwa sauti moja ndogo isiyo na rangi, ambayo wataalamu huiandika kwa e iliyopinduliwa: ə. Ndiyo vokali inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake kwenye alfabeti.

Mama alikataa. Mzee mwingine, mwalimu mstaafu, tunayemwita Papa kwa heshima yake, akamuunga mkono. "Mwanangu," aliniambia, "mimi nimefundisha watoto kusoma kila herufi. Kumeza neno ni kumdharau anayekusikiliza." Sikuwa na jibu la haraka, na sikutaka kumjibu haraka. Alichokisema kina uzito. Mtu aliyekulia kwenye lugha ambamo a ni a, asubuhi na jioni, akiambiwa aifishe, anaombwa kitu kinachogusa adabu yake.

Ndipo nilipomkumbuka yule dereva. Hakumeza chochote. Se-TI-fi-ket yake ilikuwa na vokali zote, wazi, za Kibantu kama zetu. Alichofanya ni kuiweka TI juu.

Kwa hiyo nimeamua, na sasa ndivyo ninavyofundisha: vokali zako baki nazo. Anayetaka kuzififisha, azififishe. Atasikika kama mtu wa redio na hilo ni jema. Lakini mkazo hauna mjadala. Papa amekubali kuvuta mpira. Herufi zake anazisema zote.

## Je, ni lazima?

Kuna swali ambalo lingeweza kunifuta kazi. Nani kasema tufuate mkazo wa Waingereza? Wanaotusikiliza hapa ni Wazambia, Wachina, Wahindi, watu wa Afrika Kusini. Jennifer Jenkins, mtaalamu wa Uingereza, aliandika mwaka 2000 kwamba watu wasiozaliwa na Kiingereza wanapozungumza wao kwa wao, mkazo wa ndani ya neno si miongoni mwa mambo ya lazima; sheria zake ni ngumu kufundisha na mawasiliano hayavunjiki sana kwa ajili yake. Nilipolikuta wazo hilo lilinikaa vibaya. Lina huruma, na lina heshima kwa watu kama wanafunzi wangu. Kwa siku kadhaa nilijiuliza kama ninawachosha bure.

Kisha nikakutana na kazi ya John Field, ya mwaka 2005. Yeye alihamisha mkazo wa maneno kwa makusudi na kupima kama wasikilizaji, wenye lugha na wageni, bado wanayatambua. Mkazo ukihamishwa kushoto, kuelekea mwanzo, hasara ilikuwa ndogo. Ukihamishwa kulia, kuelekea mwisho, hasara ilikuwa kubwa zaidi.

Kulia. Huko hasa ndiko Kifaransa na Kiswahili vinakotusukuma.

Hapo nilituliza moyo. Huenda Jenkins ana haki kuhusu wageni wengi wa dunia. Mtu wa Lubumbashi makosa yake yanaelekea upande mmoja, na ni upande wenye gharama. Hata ushauri wa dharura unajitokeza humo: ukikutana na neno refu usilolijua, na huna kamusi, na simu iko sikioni, ukibahatisha, bahatisha mapema.

Ukiwa na kamusi, tafuta ile alama ndogo iliyosimama juu, ˈ. Inawekwa kabla ya silabi yenye mkazo, si baada yake. Iangalie hiyo kwanza. Vitone vinavyolikata neno kwenye kamusi za Kimarekani viache kwa baadaye, maana vimewekwa kwa ajili ya mwandishi anayevunja mstari, si kwa ajili ya mdomo. American wanalikata Amer-i-can, bila kitone baada ya A, kwa sababu tu hawapendi kuacha herufi moja peke yake mwishoni mwa mstari. Ukilisema bado ni silabi nne, A-MER-i-can.

## Metallurgy

Kijana wa uhandisi alikuja na neno la mji wetu. Metallurgy, elimu ya metali. Alikuwa amelisikia kwenye video ya Kimarekani likisemwa MET-al-lur-gy, na mhandisi mmoja kutoka Kitwe akamwambia me-TAL-lur-gy. Alitaka kujua nani amekosea.

Hakuna aliyekosea. Wamarekani wanakaza mwanzo. Uingereza wengi wanakaza ya pili. Laboratory nalo limegawanyika hivyo: LAB-o-ra-to-ry kwa Wamarekani, la-BOR-a-to-ry kwa Waingereza, na kila upande unameza o tofauti, Wamarekani ile ya kwanza, Waingereza ile ya pili. Tukayaandika yote mawili ubaoni na kumwomba kila mmoja aseme t ya metallurgy iko wapi. Kwa Mmarekani iko upande wa MET. Kwa Mwingereza imehamia TAL. Wanafunzi waliliona kabla sijasema.

Nimewashauri wachague la Uingereza, kwa sababu ya simu wanazopokea. Kiingereza cha Zambia kimetoka huko, na wanaowasubiri upande wa pili wa mpaka wako Kitwe, Ndola na Chingola. Wawili wamekataa, wanasoma kwa video na wanataka la Kimarekani. Sina neno nao, mradi kila mmoja avute mpira mahali alipochagua, asibadilishe katikati ya sentensi.

Jumamosi ijayo tunaanza na metallurgical, met-al-LUR-gi-cal, ambalo pande zote mbili za Atlantiki wanalikaza mahali pamoja.